Santuri Iliyosubiri Kujibiwa

Mtaani kwangu Makiso, hapa Kisangani, watu huniita Mama Plaques, yaani mama wa santuri, na si kwa heshima. Nyumba yangu ina vyumba vitatu: kimoja nalala mimi, viwili zinalala santuri. Dada yangu akija kunitembelea hutandika mkeka sebuleni na kulalamika mpaka asubuhi, nami humwacha alalamike. Rumba sikusanyi. Rumba ina wenyewe, tena wengi. Mimi nakusanya zile ambazo hakuna anayezitaka: santuri ya kufundisha mazoezi ya viungo kwa Kifaransa, santuri ya milio ya ndege wa Ulaya, santuri ya punk ya vijana watatu wanaopiga kelele kwa sekunde arobaini halafu kitu kizito kinaanguka, na za Noeli, hasa zile za mzaha, ambapo mbwa wanabweka wimbo wa kanisani mwanzo hadi mwisho.

Jumapili alasiri naitoa mashine barazani na kuiunganisha na betri ya sola, maana umeme wa mji huu huondoka bila kuaga. Anayetaka kusikiliza anakuja na kiti chake. Baadaye natuma nakala kwenye simu za watu. Wanafunzi wa chuo wanapenda punk. Jirani yangu mchungaji aliisikia mara moja, kesho yake akaniletea mafuta ya upako. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikalainishia bawaba za mlango.

Nina kanuni moja: santuri chafu siirekodi, wala simpi mtu aisikilize. Kwanza naiosha. Dawa ya kuoshea santuri haipatikani Kisangani, kwa hiyo sisi wakusanyaji wachache tunatumia lotoko, ile pombe kali ya mahindi, tukiichanganya na maji ya mvua yaliyochemshwa. Marehemu baba, aliyefanya kazi kwenye reli ya Ubundu, ndiye aliyenifundisha: pamba laini, fuata mifereji ya sauti, usiikate. Lotoko inatoa vumbi, mafuta, hata uchafu wa mende. Nyumba yangu inanuka kama kilabu, na majirani wana maoni yao.

Mwaka jana, Noeli ikikaribia, mwendesha toleka mmoja alisimamisha baiskeli yake ya abiria mlangoni pangu, nyuma amefunga sanduku kwa mpira. Alisema karibu na bandari wanabomoa duka la zamani, na hilo sanduku lilikuwa juu ya dari. Ndani mlikuwa na santuri tisa. Nane zilikuwa zimepinda. Ya tisa ilikuwa nzito, baridi mkononi, na ukingoni weusi wake ulikuwa umebanduka kidogo, chuma kinaonekana chini yake. Upande mmoja, nilipoupiga, ulikuwa na kengele na mbwa wa Noeli, nikafurahi kama mtoto. Upande wa pili haukuandikwa kitu.

Baba aliwahi kunisimulia kwamba zamani, mwisho wa mwaka, kulikuwa na duka mjini lililouza salamu. Unalipa, unaongea mbele ya mashine, maneno yako yanachongwa kwenye santuri, unamtumia mtu wako wa mbali. Sikuwahi kuiona hata moja.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, nguo zangu zimeanikwa uani. Niligeuza upande ule mtupu, nikateremsha sindano. Kwanza mkwaruzo mtupu. Kisha mwanamke, karibu kabisa, kama amesimama nyuma ya kiti changu.

"Jambo, mutoto wangu."

Akanyamaza. Nilidhani santuri imekwisha. Lakini ndani ya ule ukimya nilisikia pumzi, na bangili zikigongana, na mbali huko jogoo akiwika.

"Uko muzima?"

Ukimya tena, mrefu uleule.

"Umekula?"

"Nimekula," nilisema.

Nilijisikia nikisema. Niko peke yangu sebuleni, na kinywa changu kimemjibu mtu ambaye huenda alikufa kabla sijazaliwa. Mama yangu alitufundisha tangu tukiwa wadogo: ukiitwa na sauti ambayo mwenyewe humwoni, usiitike mpaka mara ya tatu, kwa sababu wasiokuwepo huita mara moja au mbili tu, na anayewaitika huwafuata. Mimi nilikuwa nimeitika bila kuhesabu, tena kwa adabu.

Baadaye nilielewa. Yule mama hakujua kuongea na mashine. Kwetu salamu haisongi mbele mpaka ijibiwe, basi alimsalimu mwanawe kama wanavyosalimiana mlangoni, na kila neno akasubiri jibu. Nusu ya santuri ni yeye akisubiri. Alitaja jina la mtoto, lakini hapo uchafu ulikuwa umeganda, jina likamezwa. Akauliza kama koko, yaani bibi, anamtunza vizuri huko Ubundu. Halafu akasema: "Ile shimizi nilikushonea iko nakutosha? Usicheke kifungo ya chini. Zile nyeupe zilisha, nikatia ya kijani."

Hapo nilisimama. Mtaa mzima unaijua habari ya kifungo cha kijani.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa fundi cherehani, rafiki wa baba, ninayemwita Tonton, yaani ami. Anakaribia miaka sabini. Kila shati, shimizi kwa lugha ya hapa, analoshona, hata la harusi, hata la afisa, kifungo cha chini ni cha kijani. Ukikataa, anakurudishia kitambaa chako. Tumemtania miaka yote kwamba hajui rangi. Hakuna aliyejua sababu, ila wote tulijua kwamba wakati wa vita vya zamani, akiwa na miaka mitano, mama yake alimpandisha treni ya Ubundu pamoja na bibi yake, akabaki Kisangani kufunga nyumba, asionekane tena. Hakuna kaburi. Hakuna hata picha.

Santuri ilikuwa bado inazunguka. Mwishoni kabisa, baada ya kungoja kurefu kuliko kote, yule mama alimwita mwanawe aje: "Bon. Sasa kuya. Niko nakungojea." Na ukimya ukaendelea, pumzi na bangili, mpaka mfereji ukaisha.

Nilimkuta Tonton kwenye cherehani. Nilimweleza yote, isipokuwa mwisho. Alizima redio, mguu ukabaki juu ya kanyagio.

"Uso yake niko naiona," alisema. "Lakini sauti ilinipotea, mutoto yangu. Nilikuwa nakaa Ubundu, siku moja nikaitafuta, haiko. Twende. Nikuye sasa hivi?"

"Hapana, Tonton. Iko chafu. Ngoja Jumapili. Nitaisafisha, utasikia na jina yako."

"Uchafu iko nafanya nini? Mimi sitakula plaque."

"Tonton, ngoja tu siku mbili."

"Na mwisho anasema nini?"

"Anaaga," nilisema.

Nilidanganya, na niliapa kimoyomoyo kwamba Jumapili nitainua sindano kabla ya neno lile. Mzee wa umri wake, anaitwa na marehemu mama yake aende? Ningeogopa hata kumpigia santuri hiyo mtu mwenye afya tele. Lakini uongo ule si kitu. Kosa langu kubwa ni zile siku mbili. Niseme wazi: kilikuwa kiburi. Nilitaka jina litoke safi, watu wa barazani washangae, waseme Mama Plaques ana mikono ya ufundi. Laiti ningemwachia mzee aje na kandambili zake asikilize hivyohivyo na uchafu wake.

Jumamosi nilichanganya lotoko, na kwa kuwa uchafu ulikuwa umeganda pale penye jina, nilizidisha pombe. Nikafuata mifereji, pole pole, kama nilivyofundishwa. Pamba ikatoka nyeusi. Nilisema moyoni, uchafu mwingi kweli. Nikachukua pamba nyingine, ikatoka nyeusi. Ya tatu ilinata kwenye santuri, na nilipoivuta ilikuja na ngozi laini kama ya maziwa yaliyochemka, chini yake chuma kinang'aa. Santuri zangu zote ni za plastiki, lotoko haizidhuru. Hii ilikuwa chuma kilichopakwa rangi, na salamu zilichongwa kwenye rangi. Uzito uliniambia, ubaridi uliniambia, ukingo uliobanduka uliniambia. Sikusikia.

Niliipiga hata hivyo. Mvumo tu, kama mvua juu ya bati. Ila palipokuwa na maneno ulivuma kwa nguvu, na palipokuwa na ukimya ulififia. Yaani kungoja kwake kulibaki. Maneno nilikuwa nimeyaosha. Nililia kwa hasira, nikaimwaga lotoko yote uani, kuku wa jirani wakaja kunusa.

Jumapili Tonton alikuja saa nane, kabla ya watu wote, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kifungo cha chini kijani. Nilimwambia palepale mlangoni, kabla hajaketi. Nilimwonyesha pamba. Alichukua moja, akaisugua kati ya vidole vyake vya ushonaji.

"Donc wewe peke yako ndiye ulimusikia," alisema.

"Mimi peke yangu, Tonton. Unisamehe."

Alivuta kiti karibu na mashine. "Itie. Na wewe sema maneno yake. Kila moja mahali yake."

Nilitaka kukataa. Lakini ningemnyima nini tena? Nilifunga mlango wa baraza, nikateremsha sindano. Mvumo ukapanda, nikasema, "Jambo, mutoto wangu." Mvumo ukafifia.

"Jambo, mama," Tonton alisema.

"Uko muzima?"

"Niko muzima."

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Samaki."

Sikumtazama. Nilitazama sindano tu. Kwenye jina lake mvumo ulikwaruza kwa nguvu, nikanyamaza kwa sababu sikulisikia siku ile, na yeye akaitika, "Naam." Nilipouliza kuhusu shati, aliweka mkono tumboni, akashika kifungo. "Sicheki, mama," alisema. "Iko nanitosha." Sauti yangu ilikuwa imeanza kuwa nzito, si yangu sawasawa, na hapo kwenye mfifio naweza kuapa nilisikia bangili. Mimi sivai bangili.

Kisha ule ukimya mrefu kuliko wote. Nilijua kinachofuata. Nilinyoosha mkono niinue sindano kama nilivyoapa, lakini sikuigusa. Nikauma midomo. Mvumo ukapanda, mfupi, urefu wa maneno machache, nami sikusema hata moja. Ukafifia.

Tonton aliinua kichwa.

"Bado, mama," alisema. "Niko na shimizi tatu za watu. Nikimaliza, nitakuya."

Halafu akavaa kofia yake, akanishukuru, akatoka. Watu walipofika na viti vyao niliwaambia mashine imeharibika.

Shati la kwanza alilimaliza Januari, la pili baada ya Pasaka. La tatu ni langu. Limebaki kutiwa kifungo cha chini tu, na kila Jumatatu nampitia kumwambia sina haraka.