Gunia la Pamba la Mjomba Wambura

Pamba iliyotoka shambani ina harufu yake, ya vumbi na jua, na mpaka leo nikiinusa tu mikono inaanza kunicheza. Likizo ile nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilitoka kwetu Nyasura, Bunda, nikaenda Butiama kwa bibi, ambako Mjomba Wambura, kaka yake mama, alikuwa amerudi baada ya miaka mingi ya kupiga dramu katika bendi za roki na studio za Nairobi. Nilimfuata kwa sababu ya shida kubwa: kwaya yetu ilikuwa imeninyang'anya kiti cha dramu. Nilikuwa napiga kama wapiga ngoma wa kwetu, wachezaji wakichangamka na ngoma inapanda kasi nao. Kina mama wakipiga vigelegele, nami huyo, mbio, mpaka waimbaji wakakosa pumzi katikati ya ubeti. Mwalimu wa kwaya alinipa nafasi moja tu, tamasha la Musoma mwisho wa likizo. Nikiharakisha tena, dramu nizisahau.

Nilidhani mjomba ataniweka kwenye dramu zake nizitwange. Thubutu! Aliniketisha mbele ya gunia la pamba la bibi, akatundika saa ya ukutani, akanipa vijiti. "Dramu inakurudishia kijiti, unajiona una mkono," akasema. "Pamba hairudishi kitu. Nyanyua mwenyewe." Zoezi lilikuwa hili: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Pigo moja kwa kila mlio wa saa, kisha mawili, kisha manne, na ole wangu nitangulie. Bibi alipita akifoka, "Nyie, pamba yangu mtaigeuza uji!" Siku ya nne viganja vinawaka, nikalia kwa hasira. "Studio tulikuwaga tunarudia wimbo mmoja kutwa," mjomba akanijibu. "Ukiharakisha, hawakuiti tena." Halafu akaanza mtihani wake. Mzee mzima akalizunguka gunia akicheza, akirusha mabega, bibi naye, ambaye kumbe hasira zilishamwisha, akapiga vigelegele, wote wakinichokoza nikimbize mapigo. Wiki nzima walinishinda. Siku niliyowashinda, jamani, nilirukaruka uani kama ndama!

Musoma, ukumbi ulijaa pomoni. Ubeti wa pili, pap! umeme ukakatika. Kinanda kimya, magitaa kimya, tukabaki waimbaji na mimi. Watu wakasimama wakicheza, vigelegele kila kona, na mwili wangu wote ukataka mbio. Nikafumba macho. Kulia, kushoto, kulia, kulia. Umeme uliporudi mpiga kinanda akatia vidole, akatukuta kwenye mwendo uleule aliotuacha nao. Moyo ulinidunda kwa raha nikacheka kwa sauti. Mwalimu wa kwaya alikuja akanishika bega, akasema, "Kiti chako hicho."

Siku hizi narekodi studio Mwanza, mapigo ya kuongoza mwendo yananijia masikioni kutoka kwenye kompyuta, safi kuliko saa ile. Mjomba mikono inamtetemeka, vijiti havishikiki. Krismasi iliyopita niliweka gunia uani, nikatundika saa ile ile, nikaanza zoezi, naye akainuka na mkongojo wake, akaanza kunizunguka akirusha mabega ili anipime. Miguu yake ilikuwa inachelewa mapigo. Nikaiacha saa ya ukutani iende zake, nikampigia yeye, polepole, hatua kwa hatua. Alijua, na hakunikemea.