Kelele Aliyokuja Nayo

Mtaani walimwita Mama Nati, ingawa hakuwa na mtoto. Jina alipewa na fundi viatu, jirani yake wa kibanda cha pili, aliyeapa kwamba nati ikidondoka popote barabarani, huyu mama hugeuza shingo.

Ufundi wa pikipiki alifundishwa na baba yake. Mzee alipopooza upande mmoja, yeye ndiye aliyeiendesha karakana, akimlisha asubuhi kabla ya kufungua mlango na kumwogesha jioni mikono yake ikiwa bado inanuka petroli. Kaka yake, mtoto wa mke mkubwa wa baba, alikuwa akija kusalimia, anakunywa chai, anaaga. Mzee alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, kaka akaja na kufuli jipya.

"Dada, kusanya nguo zako. Karakana si mahali pa mwanamke. Hapa nafungua duka la vinywaji."

Alichukua na pikipiki ya mzee, ile kongwe ya tangi jekundu. Mama Nati hakubishana. Aliomba spana za baba tu.

Kaka akacheka mpaka akashika kiuno. "Za kupikia?" Spana akawapa watu wa chuma chakavu.

Maneno hayo mawili yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alianza upya chini ya mabati manne, kwa spana za kuazima, na kila bolti iliyogoma aliilegeza akiona uso wa kaka yake. Watu walidhani ni mchapakazi. Ni kweli, lakini nusu ya nguvu ile ilikuwa hasira.

Miaka ikapita. Mchana mmoja wa jua kali aliisikia kabla ya kuiona: kra-kra-kra, kama mtu anatikisa kopo la misumari. Aliitambua injini ya baba hata ikiwa imechafuka sauti. Kaka akazima, akashuka, akapanua mikono.

"Dada yangu wa damu! Tumepotezana sana."

"Njia ulikuwa unaijua."

"Basi tuyaache. Nimezunguka kwa mafundi wote. Wanafungua, wanafunga, kelele inazidi. Nisaidie."

Hakuhitaji kufungua kitu. Ndani ya injini ile mna cheni nyembamba inayozungusha mhimili wa valvu. Ikizeeka inalegea, inapiga ukuta. Kwa nje kuna bolti moja ya kuikaza, yenye nati ya kuizuia isirudi. Mafundi wa siku hizi wamezoea cheni zinazojikaza zenyewe. Bolti ile hawakuigusa.

Aliporudi ndani kuchukua spana, fundi viatu alimnong'oneza, "Ilegeze kabisa, ikamfie barabarani. Nani atajua?"

Wazo hilo alikwisha kulala nalo na kuamka nalo. Lakini Mama Nati hakutaka kaka aanguke bila kujua kilichomwangusha. Alitaka ajue, tena akiwa amesimama mbele yake.

Akawasha injini, akaiacha ingurume polepole. Akalegeza nati, akaizungusha bolti kidogo kidogo huku sikio lake likiwa karibu na chuma. Kra-kra ikapungua. Ikawa mchakacho. Ikapotea. Hakukaza zaidi, maana cheni ikibanwa mno hulia mluzi na kujila. Ikabaki ile sauti ya zamani, nzito na tulivu.

Kaka akafumba macho. "Kama enzi za mzee," alisema, na sauti ilimkatika kweli.

"Sasa sema," akasema Mama Nati, spana bado mkononi.

"Niseme nini?"

"Habari ya kufuli. Habari ya spana za baba."

"Ah, wewe nawe! Mambo ya kale hayo. Kwanza nisingekutoa pale, leo ungekuwa na kibanda chako? Ungenishukuru."

Mama Nati akainama. Akairudisha bolti nyuma taratibu, kwa uangalifu uleule. Mchakacho ukarudi. Kisha kra-kra-kra. Akaifunga nati kwa nguvu zake zote.

"Unafanya nini?"

"Nimekurudishia kelele uliyokuja nayo. Na nakwambia mbele ya jirani yangu, usije ukasema hukuambiwa: usiipande. Cheni itaruka meno, valvu zitagonga pistoni. Isukume."

"Hii ni pikipiki ya baba!"

"Na mimi ni nani wa baba?"

Kaka akaushika usukani. Akapanda kwa kiburi, akaondoka mbio. Hakufika mwisho wa soko. Mlio mmoja mkavu ulisikika, kisha kimya. Kurudi kwake kulipitia palepale kibandani, akiisukuma kwenye mwinuko, shati limemganda mgongoni. Mama Nati alisimama na kufunga mikono kifuani, akamtazama mpaka akapinda kona. Fundi viatu akamsindikiza kwa kikohozi kirefu cha kejeli.

Shangazi alikuja kuwasuluhisha. "Msamehe, mwanangu. Ni kaka yako."

"Aombe kwanza, shangazi."

Hajaomba. Pikipiki imeegemezwa nyuma ya duka la vinywaji, kuku wanalala juu ya kiti. Kufufuka inaweza, valvu mpya na siku mbili za kazi zinatosha, na Mama Nati anajua atakapoanzia. Akipita pale huitazama. Hamwonei kaka huruma hata chembe. Anaihurumia injini, iliyoumia bila kosa lolote, kisha anashika njia yake kwenda kazini.