Plasta Iliyofika Ardhini

Nyumba yetu ya Butihinda, ya kwanza tangu turudi kutoka Tanzania, niliichora mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, Gitega, mtoto akiwa mgongoni. Programu ya kuchorea hushusha tabaka zote za ukuta hadi usawa mmoja kwenye msingi. Nikazitenganisha: matofali nikayashusha yakae juu ya mawe, plasta ya nje nikaipandisha isiguse udongo. Plasta ikigusa udongo hunyonya maji, na mtoto wangu hukohoa kila mvua ikinyesha.

Mume wangu alibaki Butihinda akasimamia ujenzi. Nilipofika na mtoto, plasta ilikuwa imezama ardhini, imepakwa rangi safi, na ndani ukuta umelowa hadi usawa wa godoro.

"Mchoro hukuuona?"

"Niliuona, mama. Nikajua umesahau kumalizia pale chini. Majirani wangesema hawa wa Tanzania wameishiwa simenti."

Kumbe nimeolewa na mtu wa kunisahihishia kazi. Nikamshukuru sana, nikampa mtoto amshike, nikachukua nyundo na kuanza kubandua plasta ya chini, nyumba nzima. Majirani wakatoka kutazama. Mume wangu akawaeleza kwamba huo ndio mtindo wa Gitega siku hizi.