Nilivyozunguka miezi mitatu kutafuta kiwanda kilichotengeneza lathe ya baba mdogo

Wakuu, salaam kwenu.

Hili lilinikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Anayebisha aje Musoma, mashine bado ipo, nitamwonyesha.

Kwa wasioijua, lathe ni mashine ya kuchongea vyuma: shafti, bushi, bolti. Baba mdogo alikuwa nayo moja kuukuu kwenye karakana yake mjini. Boti za Mugango na mashine za kusaga za Kiriba zilimtegemea yeye, na nyumba nzima tulikula hapo.

Enzi za ruksa zimeshaanza, biashara imefunguliwa, spea zinaingia tena, ndipo gia ya lathe ikapukutika meno manne.

Tukachomelea. Ikakaa siku mbili.

Nikaenda Mwanza kwa muuza spea. Akauliza kitu kimoja tu: mashine ya kiwanda gani, namba ngapi? Bila hivyo haagizi.

Rahisi, si ndiyo?

Nikarudi kuikagua. Mashine nzima imepakwa rangi ya kijani ya milango. Pa kibao cha jina pana matundu mawili. Pa namba pamepigwa tupa mpaka pakawa laini.

Namuuliza baba mdogo, ananijibu bila kunitazama: "Niliikutaga hivyo hivyo."

Basi nikanunua daftari. Nikapima kila kitu, nikahesabu meno ya kila gia, nikachora.

Bunda kulikuwa na fundi mstaafu wa kiwanda cha pamba. Akaangalia michoro yangu dakika moja. "Ya Mwingereza hiyo."

Nikaelekezwa Butiama kwa mzee aliyewahi kuchonga vyuma mgodini. Akacheka. "Nani kakudanganya? Ya Mrusi hiyo."

Nikarudi Bunda. Yule wa kwanza akakasirika, akasema mwenzake wa Butiama hajawahi kushika hata bisibisi. Mimi nipo katikati, vumbi mpaka masikioni! Wakuu, wazee wetu neno "sijui" wanaliona kama tusi.

Mwezi wa tatu unaingia. Watu wa Mugango wakaanza kupeleka shafti zao Bunda. Baba mdogo anashinda kwenye stuli mlangoni, na kila nikifungua daftari anainuka anaondoka.

Mchana mmoja uvumilivu ukaniishia.

"Baba, karakana inakufa na wewe unanikimbia. Nimekukosea nini?"

Akainuka kwenye stuli. Kisha: "Hizo namba unazoandikaga, unampelekea nani?"

Kumbe miezi yote hiyo alidhani nampeleleza!

Akaingia ndani, akarudi na karatasi ndani ya nailoni. Risiti. Jina la kiwanda, namba, muhuri, vyote vipo. Alinunua kihalali kabisa kwa Mhindi aliyekuwa anahama. Kibao aling'oa mwenyewe na namba alisaga mwenyewe, kipindi kile cha msako wa wahujumu uchumi, serikali ilipokuwa inakamata watu kwa kuficha mali, ili mashine isitambulike.

"Sasa risiti si unayo? Uliogopa nini?"

"Hata jirani yangu alikuwaga na risiti ya sukari yake. Wakamchukua nayo mkononi. Alivyorudi hakuongea tena na mtu. Wewe ulikuwa shule."

Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Nikakaa chini kwenye vipande vya vyuma, nikaona aibu.

Na kiwanda chenyewe? Si cha Mwingereza wala Mrusi. Mashine ilitengenezwa India.

Gia ilikuja, mashine ikaunguruma. Wateja wa Mugango walirudi nusu tu.

Nilichojifunza: ruksa ilitangazwa redioni, lakini hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia waliotishwa kwamba yameisha. Mimi nilikula naye meza moja kila siku na sikumwambia.

Kwenu je, wazee walificha nini miaka ile? Mmeshawauliza? Karibuni tuongee.