Ulimi Wangu na Maji ya Slabu

Nilikuwa nimefika mahali ambapo hakuna kitu duniani kingenishtua. Niliacha shule darasa la sita nikaanza kuvuta mkokoteni sokoni Tulia, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi na nyumba za kupangisha. Nimeuziwa saruji iliyoganda kama jiwe. Nimechekewa na madalali wa ng'ombe huku wananiibia. Nimeona mweka hazina wa kanisa akipotea pamoja na pesa za mabati. Nikasema basi, yote nimeyaona.

Kwa hivyo nilipojenga ghorofa yangu Makueni, kwenye mji mmoja wa barabara ya Mombasa, sikutaka kusumbuliwa na mtu wa kuja na karatasi. Mchanga wa mtoni naufumbata kwenye kiganja, nikifungua mkono najua kama una udongo. Nondo naigonga nasikia mlio wake. Na maji ninaonja. Maana sehemu zetu visima vingi vya mashine vinatoa maji ya chumvi, na maji hayo hayatakiwi kwenye zege yenye nondo. Kila fundi anajua hivyo, hata yule asiyejua kwa nini. Matamu ni ya bwawa, na bwawa liko mbali.

Maji nilimwagiza rafiki yangu mwenye lori la tangi. Ule mkokoteni wa Tulia tulikuwa wawili, mimi mbele navuta, yeye nyuma anasukuma. Nilipooa mke kutoka milimani, karibu na Mlima Kenya, na watu wa kwetu wakanuna, ndiye alikubali kusimamia harusi yangu. Aliponunua lori kwa mkopo, mdhamini nilikuwa mimi.

Siku ya kumwaga slabu, lile zege la sakafu ya ghorofani, lori lilifika mapema. Mafundi wote wakasimama kuniangalia, kwa sababu walijua kawaida yangu. Nikakinga maji kwa kiganja, nikayazungusha mdomoni, nikatema.

"Haya ni ya bwawa," nikasema. "Mwaga!"

Rafiki yangu akacheka, akanipiga bega. "Mwanaa mwaitu, wewe ungeajiriwa na serikali uonje mito yote." Kwetu ukimwita mtu mwana wa mama yako hivyo, hujamwita rafiki tena. Umemwita ndugu.

Saa nne mke wangu, aliyekuwa anapikia mafundi kwa maji hayohayo ya lori, akaja na sufuria mkononi.

"Mzee, chai imekatika. Maziwa yote yamekuwa vipande vipande. Haya maji yana chumvi."

"Maziwa yalikuwa ya jana."

"Yamekamwa leo asubuhi. Onja tena."

"Nyinyi watu wa milimani mmezoea maji ya baridi ya kutoka kwa barafu," nikamwambia, mafundi wakaangua kicheko. "Ukionja maji ya watu wengine unaona ni dawa."

Alimwaga ile chai chini, mbele yangu, akarudi jikoni.

Nyumba ikaisha, nikajisifu nayo miaka mitatu. Ghorofani tukaishi sisi. Chini nikapangisha vyumba, cha barabarani akachukua mama mmoja fundi cherehani. Mwaka wa nne akaanza kuniambia dari yake ina mistari ya rangi ya kahawia. Nikaipaka rangi. Mistari ikarudi. Nikaipaka tena. Halafu asubuhi moja kipande cha zege cha ukubwa wa tofali kikaanguka juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Alikuwa ameinuka kufungulia mteja mlango. Nilipofika alikuwa amekaa nje kwenye kibao, mkasi bado mkononi.

"Baba," akaniambia, "mimi kichwa changu huwa pale."

Nikapanda kwenye meza nikaangalia. Nondo niliyoinunua ikiwa nene kama kidole gumba ilikuwa imevimba, imechanika matabaka kama ganda la kitunguu. Nikaikwaruza kwa bisibisi, ikamwagika unga mwekundu. Nikakwaruza tena nikitafuta chuma changu. Kilichobaki ndani kilikuwa chembamba kama kalamu.

Mke wangu alimaliza kidato cha nne, na hilo huwa halisemi sana nyumbani kwetu. Rafiki yangu bado alikuwa anatujazia tangi la nyumba kila wiki, maji "ya bwawa" kwa bei ya bwawa, na mke wangu alishachoka kubishana nami juu ya ladha yake. Siku hiyo mke wangu alichota sufuria moja, akaweka jikoni, akaacha ichemke mpaka ikauke kabisa. Maji ya bwawa yangebakisha tope kidogo. Haya yalibakisha ukoko mweupe. Nikatia kidole nikalamba. Ilikuwa chumvi, na uchungu nyuma yake.

"Umeona?" akasema. "Maji na chumvi vilikuwa vimechanganyika tu. Kila kimoja kilibaki na tabia yake, ndiyo maana moto umevitenganisha. Huo ni mchanganyiko."

"Basi tunaweza kuitoa kwenye slabu pia."

"Hata tungeitoa, haingesaidia. Ile kutu si chuma kilichochanganyika na kitu. Chuma kimeshikana na hewa na maji, chumvi ikiharakisha, kikawa kitu kingine kabisa. Mwalimu wetu aliita kampaundi. Hiyo huchemshi, huchungi kwa chekeche. Ukiisugua mwaka mzima, unapata unga tu. Chuma chako hakipo tena, mzee."

Swali lililonichoma ni moja: ulimi wangu ulikuwa wapi? Na jibu nilikuwa nalo. Nimezaliwa upande wa Zombe. Maji ya kisima cha chumvi ndiyo niliyonyweshwa, ndiyo mama alipikia. Kwangu hiyo ndiyo ladha ya maji. Na mtu mmoja tu nje ya nyumba yetu alijua hivyo, kwa sababu alikulia kwenye kisima hichohicho.

Nilimkuta akiosha lori lake.

"Uliniletea maji ya wapi siku ya slabu?"

Hakuuliza slabu gani. "Nusu yalikuwa ya bwawa," akasema. "Nusu nzima, mwanaa mwaitu, sikukunyima."

"Na nusu nyingine?"

"Dizeli ilikuwa imepanda. Nikajazia hapo kisimani, karibu." Akaendelea kupangusa kioo. "Na si uliyaonja? Mbele ya mafundi wote. Nilisema moyoni, akikataa nayarudisha. Ukasema mwaga."

"Ulijua sitatambua."

Akakamua kitambaa ndani ya ndoo. Halafu akasema polepole, bila kuniangalia: "Kwani wewe, siku zote ukijisifu na huo ulimi, ulifikiri mimi nilikuwa nacheka nini?"

Nimetukanwa na watu wengi. Hakuna aliyewahi kunivua nguo hivyo. Nilikuwa nafikiri sisi wawili tulishikana zamani, kwenye ule mkokoteni, tukawa kitu kimoja kisichotenganika. Kumbe tulikuwa tumekaa pamoja tu, kila mtu na tabia yake. Ilitosha moto kidogo wa bei ya dizeli.

Aliahidi kuleta maji ya bure ya slabu mpya. Nilimwambia asilete hata debe. Maji nilinunua kwa mtu nisiyemjua, na kila lori lilipofika mke wangu alichemsha sufuria moja kwanza, mafundi wakingoja na sepetu mkononi. Mimi nilisimama kando, mdomo nimefunga.

Kubomoa, nondo mpya, saruji, kokoto, mchanga, maji, na kodi ya miezi mitano niliyomsamehe yule mama wa cherehani: shilingi milioni moja, elfu mia mbili na kumi na tatu, mia nne na hamsini.