Mtungi wa Mama Barafu

Asubuhi ile mke wa mzee, fundi wa friji, alikunywa chai amesimama, kama kawaida yake, akamrushia mumewe ufunguo wa karakana. "Twende, mume wangu. Mwenye bucha keshanuna."

Kweli alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Friji yake kuukuu ilikuwa haigandishi, na nyama haina subira. Mama Barafu, ndivyo mtaa ulivyomwita mke huyo, akaunga mpira kwenye bomba, akawasha pampu ili gesi ya zamani ihamie mtungini. Pampu ikanguruma, haina haraka.

"Achia tu hewani, mama. Wenzako wanatoboa, pshhh, kazi imekwisha."

"Basi peleka kwao."

"Nitapeleka kweli. Dunia nzima wanaachia, wewe utaliziba hilo tundu la angani peke yako?"

Mama Barafu akamjibu maneno machache. Pampu ikayameza. Mzee, aliyekuwa ameshika mtungi karibu naye, aliyasikia.

Sababu ya mkewe kutoiachia gesi aliijua. Zamani mkewe alirudi kutoka mafunzoni akasema kuna tundu kwenye ozoni. Mzee akatoka uani, akainua shingo kulitafuta. Alitaniwa miaka. Paa likivuja tu: "Mume wangu, umeliona?"

Kisha akamfafanulia. Ozoni ni hewa iliyotanda juu sana, chandarua cha kutukinga na miale ya jua inayounguza ngozi na kuharibu macho. Wanasayansi waligundua kuwa gesi ya friji za zamani hupanda huko, jua likaivunja, ikatoa klorini. Klorini kidogo tu hula ozoni nyingi. Chandarua kikachakaa, vibaya zaidi kule kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia. Nchi zikakubaliana kuacha kuitengeneza gesi ile. Sasa kinapona, polepole mno; mzee hatakiona kimepona. Lakini iliyobaki kwenye friji kuukuu bado ipo, na maji yakimwagika hayazoleki, sembuse gesi.

Mama Barafu akatia gesi mpya, friji ikagandisha. Mwenye bucha akaibeba, hakuaga.

Kesho yake Mama Barafu hakuamka.

Baada ya maziko mzee alifungua karakana. Mtungi ulikuwa palepale, umejaa. Kituo cha kuteketeza gesi kiko mbali, na mgongo wake si wa jana. Akasimama akiutazama. Ndipo mwenye bucha akaingia kutoa pole.

"Mzee, huo utaufikishaje? Si ufungue tu? Nani atajua?"

"Mimi. Shika huku."

Mwenye bucha akashika. Wakaupakia kwenye gari lake la nyama. Njiani mwenye bucha akashindwa kujizuia.

"Mzee, siku ile mama alinijibu kitu. Pampu ilipiga kelele, sikusikia. Alisemaje?"

Mzee akakaa wima, mkono juu ya mtungi. Katika mji mzima ni yeye tu aliyeyasikia maneno yale.

"Alisema: 'Kuziba siwezi, baba. Kutotoboa naweza.'"