Lugha Nne za Kushukuru

Mwezi uliopita nilikwenda Songea mjini kumtembelea binti yangu, nikakuta mjukuu wangu amebandika karatasi nyuma ya mlango wa chumba chake. Ameandika malengo ya mwezi: Kiingereza, Kichina, Kifaransa, na pembeni visanduku vya kuweka tiki. Aliniuliza, "Bibi, na nyie enzi zenu mlijifunza lugha za watu?" Nikamjibu kwamba nachelewa rozari. Rozari ilikuwa bado saa nzima. Basi ndugu msomaji, acha nikuambie wewe nililoshindwa kumwambia yule mtoto.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni za kunukia zilikuwa zimerudi madukani, mitumba inamwagwa chini sokoni, na kila mtu alisema nchi imefunguka, wageni watakuja. Nilikuwa darasa la sita, naishi na Bibi mzaa mama kwenye kigango kimoja cha kanisa upande wa Peramiho. Nilitaka kuwa sista, tena sista wa kusafiri. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi mtu amwekee Mungu nia moja na kuishika hadi mwezi uishe. Wenzangu waliweka nia ya kutotukana, au ya kutoiba miwa. Mimi niliweka lugha.

Niliandika nyuma ya kurasa za kalenda ya misheni. Kiingereza cha shuleni, Kijerumani cha kijitabu alichonipa bruda mmoja mzee, Kilatini cha kitabu chakavu cha nyimbo, na Kifaransa kidogo nilichokidaka kwenye redio ya jirani. Maneno arobaini kila lugha, kila mwezi. Ikifika katikati ya mwezi lugha zinasukumana kichwani kama mbuzi mlangoni, naacha. Ijumaa ya kwanza ikirudi naanza upya ukurasa wa kwanza, kwenye salamu na shukrani, kwa sababu hayo nilikuwa nayajua na tiki zilijaa haraka. Katekista akiuliza kama nia imetimia, nasema imetimia. Siku moja alinisimamisha mbele ya kanisa, akina mama wakapiga vigelegele.

Bibi ndiye aliyeamini kuliko wote. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Alipoona zile tiki aliniondoa kwenye zamu ya maji. Chemchemi yetu ilikuwa bondeni, mteremko mkali, na wakati wa masika njia inateleza kama mlenda. "Mke mwenzangu, kaa usome," alisema, akajitwika ndoo. Akirudi, anakwenda tena kujaza ndoo yangu. Mimi nilikaa barazani na kalenda, chungu cha likolo, ile mboga ya majani ya maboga yenye karanga, kikichemka polepole jikoni. Wasichana wenzangu wakipita walinichokoza: "Mzungu wetu, leo unaoga maji ya nani?" Nilijifanya nasoma.

Kisha akaja mgeni. Alitoka Ulaya, anatembelea vigango kuona kipi kipewe pampu ya maji. Bruda aliyekuwa akimtafsiria alibaki kijitoni, gari limezama kwenye matope, na mgeni akatangulia kwa miguu na watoto wa kijiji. Watu walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi, togwa imepoa kwenye vibuyu. Mwalimu mkuu alikuwa mjini. Katekista akanitazama, akasema, "Mungu hakosi. Mtafsiri tunaye."

Wanawake walimchagua Bibi aseme kwa niaba yao. Kwetu ombi husemwa mara moja tu, na mkubwa. Kulirudia ni kumwambia mgeni kwamba hakusikia. Bibi alisimama, akakunja mikono kifuani. Alimkaribisha mgeni kwa Kingoni, akamshukuru kwa safari, kisha akaeleza bonde. Alieleza njia, na wazee wanaotambaa kupanda, na mwenzao mmoja aliyeteleza na ndoo akiwa mjamzito na mtoto hakuishi. Alisema bila kulia, bila kupamba. Sijawahi kusikia mtu akiomba vizuri namna ile.

Akanigeukia. Nikatafuta neno la mteremko, sikulipata. La kuteleza, hakuna. Nilikuwa na lugha nne za kushukuru, na hata moja ya kuomba sikuwa nayo. Nikasema kwa Kiingereza kwamba tumefurahi, karibu, asante sana. Nikaongeza kwa Kijerumani kwamba Mungu ni mwema. Mgeni aliweka mkono moyoni. Akaniuliza kitu, sikukielewa, nikajibu ndiyo. Akatabasamu, akaandika kwenye daftari lake, na watu wakapiga makofi.

Bruda alifika na matope hadi magotini. Mgeni akamwambia neno, naye akatutafsiria: "Anasema hajapata kuona watu walioridhika kama ninyi." Wanawake walitazamana. Bibi akaniinamia sikioni.

"Habari ya maji umemwambia?"

"Nimemwambia, Bibi."

Bruda alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Sentensi moja tu ya Kiswahili ingetosha. Lakini vigelegele vya kanisani vilikuwa bado masikioni mwangu, nikanyamaza, na Bibi, kwa adabu ya kwetu, hakurudia.

Pampu ilipelekwa kigango kingine. Nilirudi kuchota maji mwenyewe, na zile kurasa za kalenda nikawashia moto, kila mtu akidhani nimekata tamaa kwa sababu ya masomo. Usista haukunijia, Mungu alinipa mume na watoto, nami namshukuru. Baadaye niliungama, na padre akaniondolea dhambi. Nasadiki nimesamehewa. Lakini wale niliowanyamazia hawakuwa upande wa pili wa kile kiti cha maungamo.

Siku hizi pale kuna bomba. Njia ya bondeni imemezwa na magugu, wanawake wale karibu wote wametangulia, na Kingoni kile cha Bibi, cha kusema jambo zito kwa sauti ya chini, sikisikii tena hata misibani.

Mwaka wake wa mwisho Bibi hakuweza kushuka bondeni. Mchana mmoja nilitua ndoo, nikamchotea kikombe. Alikuwa amekaa kizingitini, anatazama upande wa ile njia.

"Yule mgeni," alisema. "Labda mimi nilisema vibaya. Sina shule."

"Hapana, Bibi. Ulisema vizuri."

Alingoja kidogo, kana kwamba nina zaidi ya kusema. Kisha akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanishukuru kwa maji.